Jalada Lililonyang'anywa Jina

Nchi hii ninayoisimulia ilikuwa na jina lake, tena zuri tu, ila kila nikitaka kuliandika naambiwa nisubiri, limepelekwa kubadilishwa. Basi tuiite nchi hivyo hivyo mpaka lirudi.

Ilikuwa nchi yenye viongozi wenye huruma. Walipogundua kwamba kutengeneza kitu kunachukua miaka, na kubadili jina la kitu kunachukua dakika moja, walisema: kwa nini tuwatese wananchi kwa kuwasubirisha? Wakaunda Idara Kuu ya Majina. Tangu siku ile maendeleo yalikuja mbio mpaka watu wakashindwa kuyaona. Ukame ukaitwa Jua la Ziada. Foleni ya maji ikaitwa Mkutano wa Wananchi, ikawa inafunguliwa kwa sala na kufungwa kwa wimbo, maji yawepo yasiwepo. Barabara ya Ukombozi, ambayo bata walikuwa wanataga kwenye mashimo yake, ilibadilishwa jina kwa sherehe kubwa. Utepe ukakatwa, bendi ikapiga, na barabara ikapewa jina la Barabara ya Ukombozi. Mkorofi mmoja akauliza, "Sasa kimebadilika nini?" Akaambiwa kazi imefanyika na imekamilika bila kasoro, kama haamini asome taarifa. Akaisoma. Ni kweli, taarifa ilisema imekamilika bila kasoro.

Makosa yalikuwepo, lakini madogo. Siku moja iliamriwa kwamba Idara yote ihamie ndani ya Ofisi Namba Nne, ofisi ambayo ilikuwa ndani ya Idara hiyo hiyo. Watumishi walibeba meza siku tatu, wakizunguka kwenye ukumbi, kila mmoja akidhani aliye mbele yake anaujua mlango. Siku ya nne amri ikafutwa, na zile siku tatu zikabadilishwa jina zikaitwa Mashindano ya Afya ya Watumishi. Medali zilitolewa.

Sheria kubwa ya Idara ilikuwa hii. Ukitaka kukipa kitu jina ambalo tayari lina mwenyewe, hakuna ubaya. Mwenyewe wa zamani anaondoka kimya kimya na wa sasa anakaa palepale. Jina halibaki wazi hata sekunde moja. Sharti lilikuwa moja tu, nalo ni kwa majengo: jengo la zamani lazima liwe tupu.

Sharti dogo hilo ndilo lililomfikia Mzee Shebuge.

*

Mzee Shebuge wa Kisimani hakuwa na ugomvi na majina. Alikuwa mfumaji wa vitanda vya kamba, na kitanda ukikiita kabati, ukichoka utakilalia tu. Kufuma ni kazi ya watu wawili. Mmoja anavuta, mwingine anashika, na anayevuta haachii mpaka amesikia mwenzake akisema kwa mdomo wake, "Nimeshika." Ukiachia kabla, kamba yote mliyofuma tangu asubuhi inalegea, mnaanza upya huku mnanuniana. Kwa miaka thelathini na mmoja mke wake, Nakijwa, alikuwa upande wa pili wa kamba.

"Umeshika?"

"Nimeshika tangu jana, wewe vuta, unanizeesha."

Hospitali ya Wilaya ya Kisimani ilikuwa na wodi moja na vitanda saba. Serikali ilileta magodoro. Vitanda vikawa njiani miaka sita. Vile saba vilivyokuwemo vilifumwa na Shebuge na Nakijwa. Kwa hiyo Nakijwa alipopata homa ya mapafu akalazwa cha tatu kutoka dirishani, alilala juu ya kazi ya mikono yake mwenyewe, na kitu cha kwanza alichofanya ni kukagua mafundo.

"Hili ulikaza wewe," alimwambia mumewe huku anakohoa. "Limelegea."

"Pona kwanza, ndiyo ugombe."

"Nitapona kwa sababu ya lile nililokaza mimi."

Na kweli siku ya tatu alianza kupata nafuu. Siku ya nne yakaja magari.

Waziri wa Afya alikuwa na nyumba yake ya wageni juu ya mlima: vyumba kumi na viwili, mapazia ya rangi ya zabibu, na bwawa la kuogelea lenye umbo la figo. Umbo hilo ndilo lililompa wazo la tiba. Alitaka nyumba hiyo iitwe Hospitali ya Wilaya ya Kisimani, kwa maana dawa, gari la wagonjwa na wafadhili kutoka nje wote wanafuata jina, hawafuati wagonjwa. Jina lilikuwa na mwenyewe. Mwenyewe alitakiwa awe mtupu.

Kazi hiyo alikuja kuisimamia Msajili Mkuu wa Majina, Mheshimiwa Lugendo, mtu mwembamba wa mwili na mnene wa sauti. Alisimama mlangoni mwa wodi na karatasi yake.

"Wodi lazima iwe tupu."

"Kuna wagonjwa saba, mheshimiwa," akasema Muuguzi Eliwaza.

"Ndiyo maana si tupu, dada."

"Sasa niwapeleke wapi?"

"Nje. Hakuna kanuni inayokataza nje kujaa."

Saa tatu asubuhi wagonjwa saba walitolewa wakapangwa ukutani kama matofali ya kukausha. Vitanda vikarundikwa nyuma ya jiko. Shebuge alitaka kukaa na mkewe, lakini watu wazima wote walitakiwa juu mlimani kwenye sherehe. Askari akampa kibendera na kumsukuma kwa adabu.

"Piga makofi kwa nguvu mzee, usitutie aibu mbele ya wageni."

Waziri alihutubia kwa muda wa saa mbili na nusu. "Leo," alisema, "tumejenga hospitali bila tofali, bila mchanga, na bila kumsumbua fundi hata mmoja! Nitajieni nchi nyingine yenye rekodi hiyo!" Hakuna aliyeitaja. Shebuge alipiga makofi. Alikuwa anapiga makofi saa sita na nusu, saa ambayo jina lilipanda mlima. Aliposhuka na kibendera chake akakuta ukutani wagonjwa sita, na wa saba amefunikwa kanga mpaka usoni.

Pamoja na hayo, lazima tukiri kwamba kitaalamu shughuli ilikwenda vizuri sana. Jina halikukaa hewani hata sekunde moja. Kesho yake wafadhili walikagua hospitali mpya, wakaandika kwamba hawajawahi kuona hospitali yenye wagonjwa wachache hivyo na mashuka meupe hivyo. Aliyekwenda kwenye wodi ya zamani na homa yake aliambiwa na mlinzi arudi nyumbani, hapa si mahali.

*

Muuguzi Eliwaza alikuwa ameandika kila kitu kwenye jalada, saa kwa saa, akalipeleka Masjala Kuu mjini kabla mtu hajamkataza. Wiki ile ile akapewa uhamisho. Barua ilisema anapelekwa "kituo ambacho bado hakina jina," aripoti mara moja. Shebuge alimkuta tayari ameketi juu ya magunia ndani ya lori, injini inanguruma.

"Baba!" alipiga kelele. "Aliongea mpaka mwisho! Nimeandika yote, neno kwa neno! Nenda kasome!"

Lori likaondoka.

Maneno hayo yalimkaa Shebuge kama mfupa wa samaki. Mkewe aliongea, na yeye alikuwa anapiga makofi. Aliongea nini? Baada ya arobaini alivaa shati lake la harusi za watu, akaenda mjini.

Dirishani Masjala alikuwepo karani anaitwa Bi Siwatu, mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyofungwa uzi na karanga ndani ya droo.

"Shikamoo mzee wangu. Nikusaidie nini?"

"Marahaba mwanangu. Nimekuja kumsoma mke wangu."

Bi Siwatu aliacha kutafuna. Alipoambiwa jina, alitazama kushoto na kulia, akatoa majalada mawili. La kwanza lilikuwa limechakaa, lina alama ya maji kwenye kona, na kibati cha jina kimening'inia kwa uzi: KIFO CHA NAKIJWA WA KISIMANI. La pili lilikuwa jipya, limepigwa chapa safi, halina kibati.

"Mzee, sijui niseme umewahi au umechelewa. Leo saa nane jina linatoka kwenye hili linakwenda kwenye hili."

"Na hili jipya linasema nini?"

Akamsomea. Lilisema Nakijwa alifia nyumbani kwake, baada ya mumewe kukataa kumpeleka hospitali.

"Mimi?"

"Wewe."

"Nilikataa?"

"Mara mbili. Mara ya pili kwa matusi, yameandikwa. Kusema kweli ni matusi mazuri, yule aliyeandika ana kipaji."

Shebuge alishika ukingo wa dirisha. Akauliza lile la zamani litakwenda wapi.

"Likishanyang'anywa jina halitafutwi tena. Utalitafutaje? Linakwenda kwenye tanuri nyuma huko." Bi Siwatu akainama mpaka miwani ikagusa wavu. "Sasa nisikilize, na mimi sijasema kitu. Kuna Kanuni ya Tisa. Jalada lililopoteza jina, kama liko wazi mikononi mwa msomaji, halichomwi mpaka msomaji alimalize na kulifunga. Iliwekwa baada ya Waziri kuchomewa jalada mikononi, akiwa ndani ya utamu wa kulisoma. Lilikuwa jalada la mambo ya ndoa za watu."

"Ndiyo maana hana nyusi?"

"Zile anachora. Unajua kusoma?"

"Niliishia darasa la pili. Mwalimu alihamishwa."

"Unasoma upesi?"

"Herufi moja moja nazijua, mwanangu. Taabu ni pale zinapokuja kwa kundi."

Kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe, Bi Siwatu alicheka akiwa kazini. "Mzee wangu," akasema, akimsukumia jalada chini ya wavu, "ingia chumba cha kusomea. Hii kanuni ilikuwa inakusubiri wewe."

*

Saa nane kamili Mheshimiwa Lugendo aliingia na jalada jipya. Kwa mkono mmoja alifyatua kibati kwenye jalada la Shebuge, na kwa mkono ule ule akakifunga kwenye lake. Ilikuwa kazi ya kupendeza kuitazama. Mtu angekuja kuuliza jalada la Nakijwa wakati wowote, hata wakati wa kupiga chafya, angepewa. La zamani au la sasa, lakini asingekosa.

"Haya mzee, lete hilo lisilo na jina likapumzike."

"Nasoma, mheshimiwa."

"Unasoma nini? Halina jina."

"Ndiyo maana nalisoma, nijue ni nini."

Lugendo alikuwa mtu wa kanuni, na Kanuni ya Tisa aliiandika mwenyewe. Akavuta kiti. "Sawa. Maliza. Umefika wapi?"

"Ki."

"Ki nini?"

"Bado sijajua, mheshimiwa. Ndiyo kwanza nimefika."

Msajili alisubiri mpaka saa tisa. Saa tisa Shebuge alifika "Kisi," akasimama kupumzika.

Siku zikaenda. Ofisi ikifungwa alibaki humo humo, jalada limefunguka magotini, kidole kwenye neno. Alikula karanga za Bi Siwatu. Siku ya tano Lugendo alirudi na fundi, wakabandua kibao cha Chumba cha Kusomea, wakabandika kingine: GEREZA LA MUDA.

"Sasa wewe ni mfungwa!" akasema Msajili, sauti yake yote ikamtoka.

Shebuge alitazama. Benchi lilikuwa lile lile, dirisha lile lile, na buibui wa kwenye pembe hakuonekana kushtuka.

"Sawa, mheshimiwa. Chakula cha wafungwa kinakuja saa ngapi?"

Hilo Msajili hakulifikiria. Kwa kanuni za magereza mfungwa anapewa ugali na maharage mara mbili kwa siku, na hakuna mtu, hata Msajili Mkuu, anayeruhusiwa kumtoa bila hati ya hakimu. Shebuge alinenepa kidogo. Wiki iliyofuata chumba kikabadilishwa kikawa Kiwanja cha Ndege, ili akamatwe kwa kuzuia njia ya ndege, lakini ndege hazikutua. Kikawa Mto, ili azame, hakuzama. Mwishowe kibao cha Chumba cha Kusomea kilirudishwa na ikatangazwa kwamba kazi imekamilika bila kasoro. Muda wote huo mzee hakuwa ametoka kwenye benchi, na kidole hakikuwa kimetoka kwenye mstari.

Tatizo la Serikali lilikuwa jingine. Mtu wa darasa la pili hawezi kusoma kimya kimya. Asipojisikia, hajui amesoma nini. "Wa... wa-go... wagonjwa... sa... saba..." Waliokuja Masjala kwa shida zao walisikia, wakasogea mlangoni, wakaanza kumsaidia kubahatisha.

"Wa-li-to..."

"Walitoroka!"

"Subiri bwana, usimkimbize. Wa-li-to-le..."

"Walitolewa!" Ukumbi mzima ukapiga vigelegele kana kwamba ni mpira. Kisha wakanyamaza, kwa sababu walikuwa wameelewa.

Miongoni mwao alikuwepo Mama Zawose, mjane wa Kisimani. Mumewe alikuwa kitanda cha tano. Alifariki siku mbili baada ya sherehe. Mama huyo alipokuja kutafuta jalada la mumewe alipewa jipya, linasema marehemu amesafiri. La zamani lilikuwa limeshachomwa. Bi Siwatu alimnong'oneza kwamba jina la mumewe limo pia ndani ya jalada la Nakijwa, ukurasa wa tatu. Basi kila siku alikuja, akaketi sakafuni karibu na miguu ya Shebuge, akasubiri ukurasa wa tatu.

Wiki ya sita walikuwa ukurasa wa pili.

"Baba Shebuge," akasema siku moja, "nitakufa kabla hujafika."

"Vumilia, mama. Wameandika neno refu hapa. Nadhani ni 'maendeleo.'"

*

Ndipo Mheshimiwa Lugendo akapata akili ya mwisho. Kama tatizo ni kwamba mtu huyu hajui kusoma, afundishwe! Alimalize jalada kwa siku moja, alifunge, lichomwe. Mwalimu akasakwa nchi nzima. Wengi walikuwa wameshabadilishwa majina wakaitwa Mabalozi wa Elimu, na balozi hafundishi. Akapatikana mmoja aliyesahauliwa, Mwalimu Kasiga, akaletwa na ubao wake na chaki mbili.

Shebuge alimtazama kutoka miguuni mpaka kichwani.

"Karibu, mwalimu. Nimekungoja miaka hamsini na tatu."

"Nimechelewa, mzee wangu."

"Si kosa lako. Mimi sikujua. Nilidhani ili mtu aletewe mwalimu anatakiwa awe mtoto. Kumbe anatakiwa awe na kitu wanachotaka kukichoma."

Ubaya wa Mwalimu Kasiga ni kwamba alikuwa mwalimu mzuri. Shebuge alijitahidi sana asielewe. Alijifanya anachanganya b na d, alisinzia, aliomba kwenda haja kila silabi, na chooni alikwenda na jalada lake likiwa wazi, askari mmoja mbele na mmoja nyuma. Haikusaidia. Herufi zilimwingia vidoleni kama mafundo ya kamba, na mkono uliojua fundo haulisahau hata ukiubembeleza. Mwisho wa mwezi alikuwa anasoma mstari mzima bila kuvuta pumzi. Mbaya zaidi, alikuwa anataka kusoma. Huko mbele kulikuwa na mkewe, na amenyamaza muda mrefu.

Akafika ukurasa wa tatu. "Kitanda cha tano: Zawose, fundi baiskeli, mguu na homa. Alilalamika jua. Niliomba mwavuli kwa dereva wa Waziri. Dereva alisema mwavuli ni wa gari."

"Rudia hapo, baba," akasema Mama Zawose.

Alirudia mara tatu. Mara ya tatu Mama Zawose alitikisa kichwa akisema, "Ndiye yeye. Jua alikuwa halipendi kabisa," akajifuta uso kwa kanga.

Siku ya ukurasa wa mwisho Lugendo alikuja amevaa suti. Alimleta mtu wa tanuri na aproni yake. Bi Siwatu alitoka dirishani, jambo ambalo kikazi halikuruhusiwa, akasimama ukutani. Ukumbi ulijaa mpaka barabarani. Shebuge aliweka kidole kwenye mstari wa kwanza, akasoma kwa sauti, bila kukosea:

"Saa sita na dakika kumi. Nakijwa ameomba arudishwe kitandani kwake. Nimemwambia wodi lazima iwe tupu. Amecheka. Amesema: 'Basi niandikeni kwamba simo, halafu mnirudishe.' Saa sita na robo. Ameuliza makofi yale ni ya nini. Nimemwambia ni sherehe. Amesema: 'Mume wangu yumo, nayasikia ya kwake, ana viganja vya kamba. Hapigi kwa moyo.' Saa sita na nusu..."

Mstari wa mwisho hakuusoma kwa sauti. Aliujua.

Shebuge alikaa ameinamia jalada muda wa kutosha kufuma safu mbili za kitanda. Hapigi kwa moyo. Siku zote alidhani mkewe ameondoka akimsikia anashangilia.

"Umemaliza?" akauliza Lugendo, taratibu, kama mtu anayemkaribia kuku.

"Nimemaliza."

"Basi lifunge."

Shebuge aligeukia pale chini kwenye miguu yake.

"Mama Zawose, leta mikono. Shika hapa na hapa, kurasa zibaki wazi. Usivute. Ukishashika, useme kwa mdomo."

Mama Zawose akapokea.

"Umeshika?"

"Nimeshika, baba."

Akaachia.

"Hapana!" Sauti ya Msajili ilitikisa madirisha. "Msomaji ni yule! Huyu si msomaji!"

Bi Siwatu alikuwa na kitabu cha kanuni kwapani. Alikuwa amekibeba tangu asubuhi. "Kanuni ya Tisa, mheshimiwa. 'Mikononi mwa msomaji.' Haijasema msomaji gani."

"Kwa nini haikutaja jina?"

"Uliiandika wewe, mheshimiwa. Ulisema tukitaja jina, itabidi tuwe tunalibadilisha."

Lugendo akakumbuka silaha yake. "Mwalimu!" Kasiga akasogea na chaki. Msajili akamwinamia Mama Zawose, akamwuliza kwa upole mkubwa, "Mama yangu, wewe una elimu gani?"

"Elimu?" Mama Zawose alilitazama jalada, akamtazama yeye. "Mimi hata sijui kama nimelishika juu au chini, mwanangu. Lakini nina nafasi. Na hawa walio nyuma yangu nao wana nafasi."

Msajili aliinua macho. Foleni ilikuwa imeanza mlangoni, imepita kwa muuza chai, imekata kona. Mtu wa tanuri akavua aproni yake, akauliza kama anaweza kwenda kula.

*

Mzee Shebuge alirudi Kisimani. Nyuma ya jiko la wodi ya zamani alivikuta vitanda saba vimerundikwa, kamba zimelegea kwa mvua. Mlangoni alikuwa amesimama mwanamke na begi, viatu vimejaa vumbi la nchi nzima.

"Muuguzi! Si ulihamishwa?"

"Barua ilisema kituo kisicho na jina, baba," akasema Eliwaza. "Nimezunguka mikoa yote, kila mahali pana kibao. Pasipo na jina ni hapa tu. Nimeripoti."

Hakukuwa na la kubishana. Barua ilikuwa na mhuri. Wakavigeuza vitanda juani. Shebuge akavuta, Eliwaza akashika, na kwanza huyu alikuwa anashika kimya kimya mpaka alipofundishwa kusema. Walianza na cha tatu kutoka dirishani. Fundo moja Shebuge alilifungua akalikaza upya, mara mbili, akigombana na mtu ambaye Eliwaza hakumwona.

Jioni ile akaja mtu amembeba mama yake mgongoni. Walikuwa wametoka mlimani, kwenye hospitali yenye jina, walikoambiwa vyumba vyote vimechukuliwa na wageni wa harusi. Yule mtu alisimama mlangoni, akatafuta kibao juu, akatafuta ukutani.

"Samahani mzee. Hapa panaitwaje?"

"Hapaitwi," akasema Shebuge, akisogeza kitanda. "Mlaze."